Price, Benavides na sekunde 43 za jangwani

UKITAKA kujua sekunde 12 ni kitu gani, muangalie kipa. Anadaka krosi, analala na mpira, anainuka, anawapungia mabeki wasogee mbele, anaudunda mara moja, anabutua. Zimeisha hizo. Hadi mwaka 2025 uwanjani hakuna aliyekuwa anazihesabu, labda kocha wa timu iliyofungwa.

Sasa zichukue sekunde hizo hizo uzipeleke Al-Hofuf, mashariki mwa Saudi Arabia, asubuhi ya Januari 15, 2023. Toby Price wa Australia anapanda pikipiki yake akiwa kinara wa mbio za Dakar. Anayemfuata kwenye msimamo ni Kevin Benavides wa Argentina.

Wawili hawa walianza safari siku ya mwisho ya mwaka 2022, kwenye ufukwe wa Bahari ya Shamu karibu na Yanbu, upande wa pili kabisa wa nchi. Wamepita kwenye mawe, kwenye mabonde, kwenye mvua iliyowalazimisha waandaaji kubadili njia, kisha kwenye mchanga wa Rub' al Khali, lile jangwa ambalo hata Waarabu wenyewe wanaliita robo tupu. Wametembea zaidi ya kilomita 8,000. Kwa hesabu za kwetu hiyo ni Dar es Salaam hadi Mwanza, kwenda na kurudi, zaidi ya mara tatu.

Na baada ya yote hayo, tofauti kati yao ni sekunde 12.

Imebaki siku moja. Kipande cha ushindani ni kilomita 136 tu, kama kutoka Dar hadi Chalinze na kuzidi kidogo. Baada ya hapo kuna Dammam, kuna Ghuba, kuna jukwaa la ubingwa.

Mashabiki wa soka wa Bongo maeneo hayo wanayajua kwa majina mengine. Al-Hofuf ndiko nyumbani kwa Al-Fateh, waliobeba ubingwa wa Saudi Arabia msimu wa 2012/13. Dammam ni mji wa Al-Ettifaq. Jirani yake, Khobar, ndiko Simon Msuva alikokuwa akikipiga na Al-Qadsiah msimu huo huo. Lakini siku hiyo mpira uliwekwa pembeni kidogo.

PEKE YAKO KWELI KWELI

Kabla hatujafika Dammam, ni vizuri kuelewa hawa jamaa wanafanya nini hasa.

Kwenye Dakar, dereva wa gari ana mtu pembeni yake. Huyo kazi yake ni kusoma njia na kumwambia dereva kata kushoto, punguza, kuna shimo, twende. Mwendesha pikipiki hana mtu huyo. Yeye ndiye dereva, yeye ndiye msoma njia, na akianguka yeye ndiye wa kwanza kujiangalia kama mguu bado upo.

Njia yenyewe ni siri. Huruhusiwi kwenda kuifanyia mazoezi kabla. Unachopewa ni kitabu cha njia, ambacho siku hizi kipo kwenye kishikwambi kilichofungwa mbele ya usukani. Hakina ramani kama ile ya kwenye simu inayokuambia geuka baada ya mita mia. Kina michoro midogo, umbali, nyuzi za dira na vifupisho vya Kifaransa. Hatari huandikwa kwa alama za mshangao. Moja ina maana kaa macho. Zikiwa tatu, ukizipuuza unaweza usirudi nyumbani.

Kwa hiyo mtu yuko kwenye mwendo unaozidi kilomita 100 kwa saa, juu ya mchanga, amesimama kwenye pikipiki ya cc 450, jicho moja liko kwenye mwongozo na lingine liko mbele. Bodaboda zetu nyingi ni cc 125 au 150 na ziko kwenye lami, na bado tunajua zinavyowamaliza vijana wetu. Pata picha.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu mimi ninayekaa majukwaani kila wikiendi ndilo gumu kuliko yote. Jangwani hakuna ubao wa matokeo.

Mchezaji wa mpira anajua kama anaongoza. Hata kwenye siku ya mwisho ya ligi, viwanja viwili tofauti, habari hufika. Mei 2012, wakati Sergio Aguero anafunga dakika ya 93 pale Etihad, Manchester United walikuwa wamemaliza kazi yao Sunderland, na habari mbaya ikawakuta wakiwa bado uwanjani. Dakika chache tu, kila mtu anajua nani bingwa.

Waendesha pikipiki wa Dakar huanza mmoja mmoja, wakipishana kwa dakika. Saa ndiyo inayowashindanisha. Unaweza usimuone mpinzani wako asubuhi nzima na bado yeye ndiye anakunyang'anya kombe. Unavuta mafuta bila kujua kama sekunde zako 12 bado zipo, zimekuwa 30 au zimeshaliwa. Ukiongeza mwendo kupita kiasi, unaanguka. Ukijilinda, unaliwa. Na hakuna kocha wa kukupigia kelele pale kwenye mstari.

TIMU MOJA, KILA MTU NA LAKE

Utamu, au uchungu, wa siku hiyo ni kwamba Price na Benavides walikuwa timu moja. Wote walikuwa waendeshaji wa kiwanda cha KTM. Jezi moja, mafundi wa kambi moja. Kombe moja.

Wa tatu, Skyler Howes wa Marekani, aliyekuwa na Husqvarna, naye hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya Price kwa dakika moja na sekunde 31, na kabla ya hapo aliwahi kuongoza mbio hizo hizo. Kwa lugha yetu, siku ya mwisho ya ligi imefika na timu tatu zote zina nafasi.

Ukiangalia historia, ungempa Price. Mwamba huyu alikuwa ameshabeba Dakar mara mbili. Mwaka 2013 alivunjika pingili za shingo kwenye mashindano Marekani, jeraha ambalo linamaliza maisha ya mtu, achilia mbali michezo. Miaka mitatu baadaye, 2016, akawa Mwaustralia wa kwanza kushinda Dakar. Mwaka 2017 akavunjika mfupa wa paja katikati ya mbio. Mwaka 2019, Peru, alianza akiwa amevunjika mfupa wa kifundo cha mkono, mkono ule ule wa kushikia usukani, akashinda.

Na ushindi huo wa 2019 uliamuliwa siku ya mwisho. Price aliamka akimuongoza Pablo Quintanilla wa Chile kwa dakika moja na sekunde mbili. Quintanilla ikabidi ashambulie, akaruka vibaya kwenye kilima cha mchanga, akaumia. Price akafika Lima bingwa, Mchile akaangukia nafasi ya nne. Kwa hiyo mtu huyu siku ya mwisho alikuwa anaijua. Iliwahi kumbeba.

Benavides naye hakuwa mtoto. Anatoka Salta, kaskazini mwa Argentina, na Dakar ilipita nchini kwao miaka ile ilipokuwa Amerika Kusini. Mdogo wake, Luciano, naye ni mwendeshaji, na mwaka huo walikuwa wote kwenye mbio. Mwaka 2021 Kevin alishinda akiwa na Honda, akawa mtu wa kwanza kutoka Amerika Kusini kubeba Dakar ya pikipiki. Baada ya hapo akafanya jambo ambalo mashabiki wa Simba na Yanga wanalielewa vizuri sana: akahamia kwa wapinzani, KTM. Mabingwa waliowahi kushinda na pikipiki za viwanda viwili tofauti wanahesabika. Januari 2023 alikuwa na nafasi ya kuingia kwenye orodha hiyo.

KILA MMOJA ANAJUA GHARAMA

Mtu anaweza kusema, sekunde 12 si kitu, mtu afungue mafuta tu. Hapo ndipo wanaokaa kwenye makochi, mimi nikiwemo, tunapopotea.

Januari 12, 2020, kwenye hatua ya saba, Mreno Paulo Goncalves alianguka akafariki dunia. Alikuwa na miaka 40, bingwa wa dunia wa mbio ndefu za jangwani wa mwaka 2013, mshindi wa pili wa Dakar ya 2015. Hakuwa mwanafunzi. Mmoja wa waliosimama kumsaidia alikuwa Toby Price. Aliweka mbio zake pembeni na kubaki pale na mwenzake. Siku iliyofuata hatua ya pikipiki ilifutwa.

Kanuni za Dakar zinamlinda anayefanya hivyo, maana muda aliosimama kumsaidia mwenzake hurudishwa. Ni kanuni nzuri, lakini hakuna kanuni inayokurudishia ulichokiona. Price alipanda tena pikipiki na kumaliza wa tatu mwaka ule.

Mwaka uliofuata, 2021, Mfaransa Pierre Cherpin alianguka, na akafariki akiwa anasafirishwa kurudishwa kwao. Hakuwa nyota. Alikuwa mmoja wa wale wanaokwenda Dakar bila fundi wala timu ya kuwasaidia, kwa mapenzi tu.

Ukiyajua hayo, sekunde 12 zinabadilika sura. Kila ukiamua kutopunguza mwendo juu ya kilima usichokijua upande wake wa pili, unalipia kwa kitu ambacho huwezi kukirudisha.

KILOMITA 136

Siku yenyewe ilikuwa fupi. Siku nyingine za Dakar humla mtu kutwa nzima, na kuna vituo vya lazima vya kujaza mafuta ambako angalau unashusha pumzi. Hapa ilikuwa ni asubuhi moja ya kukimbia.

Benavides aliondoka kama mtu asiye na cha kupoteza. Ukiwa wa pili hesabu zako ni rahisi: unashambulia. Mwenye kazi ngumu ni kinara, anayetakiwa kuchagua kati ya kulinda na kushambulia, na ambaye hana wa kumuuliza.

Mwisho wa kilomita 136, saa ikatoa jibu. Benavides alishinda hatua hiyo. Alikuwa amemzidi Price kwa sekunde 55. Toa zile 12 alizokuwa anadaiwa, zinabaki 43.

Sekunde 43. Baada ya zaidi ya saa 44 za mashindano, yaani sekunde zaidi ya 158,000, bingwa na mshindi wa pili walitenganishwa na muda wa mwamuzi kumuita mchezaji, kutoa kadi ya njano na kuandika jina lake. Katika historia ya pikipiki kwenye Dakar, hadi siku hiyo hapakuwahi kuwa na pengo dogo kiasi hicho. Howes alimaliza wa tatu, dakika tano na sekunde nne nyuma ya bingwa.

Zigawe zile sekunde 55 kwa kilomita 136 uone. Ni chini ya nusu sekunde kwa kila kilomita. Unapepesa macho, imepita. Huwezi kunyoosha kidole kwenye kona fulani ukasema hapa ndipo Price alipoupotezea ubingwa. Aliupoteza kidogo kidogo, kilomita moja baada ya nyingine.

Ndiyo maana binafsi siipendi ile lugha ya kusema Price alifeli siku ya mwisho. Mtu aliyemaliza wa pili kwa sekunde 43 baada ya wiki mbili za kuwa peke yake hajafeli. Alikutana na mtu ambaye asubuhi moja alikuwa bora kidogo kuliko yeye. Mpira nao una siku kama hizo, ila mpira una sare. Dakar haina.

AURIOL NA MIGUU MIWILI

Wakongwe wa mchezo huu watakuambia maumivu ya mwishoni mwa Dakar hayakuanza na Price.

Mbio hizi zilianza Desemba 26, 1978 jijini Paris zikielekea Dakar, Senegal, zikiwa wazo la Mfaransa Thierry Sabine, ambaye mwaka mmoja kabla alipotea jangwani akiwa kwenye pikipiki akanusurika. Kwa miaka mingi zilikuwa mbio za Afrika. Toleo la 2007 ndilo la mwisho kufika Dakar. La 2008 lilifutwa kwa sababu za usalama, zikahamia Amerika Kusini 2009, kisha Saudi Arabia 2020. Jina limebaki lile lile.

Mwaka 1987, mbio zikiwa Senegal na imebaki siku moja tu baada ya hiyo, Mfaransa Hubert Auriol alikuwa anaongoza. Akajigonga, akavunjika vifundo vya miguu yote miwili. Yote miwili. Ilikuwa imebaki kama kilomita 20 kumaliza hatua. Akaziendesha. Alifika akilia kwa maumivu, wakamshusha kwenye pikipiki, na hapo ndipo mbio zake zilipoishia. Ubingwa ukaenda kwa Cyril Neveu, wa tano kwake.

Auriol hakuondoka hivi hivi. Alihamia kwenye magari, na mwaka 1992 akashinda, akawa mtu wa kwanza kubeba Dakar kwa pikipiki na kwa gari. Lakini hata leo ukimtaja, watu wanaanza na zile kilomita 20 alizoendesha bila miguu.

WASIO NA FUNDI

Price na Benavides wanapofika kambini jioni, pikipiki huchukuliwa na mafundi. Wao wanakula, wanakandwa, wanalala.

Kuna kundi jingine ambalo halina hayo. Zamani liliitwa Malle Moto, siku hizi linajulikana kama Original by Motul. Huyu anakuja na sanduku lake la vifaa, hema na matairi, waandaaji wanamsafirishia kutoka kambi hadi kambi, basi. Akimaliza kilomita mia kadhaa za siku, anashuka, anakaa chini kwenye mchanga na kuanza kubadilisha oili, kichujio na tairi mwenyewe. Usiku ukimkuta bado anafunga nati, ni juu yake. Alfajiri anaondoka na wenzake.

Siku hiyo hiyo ambayo dunia ilikuwa inaangalia sekunde 43 za vigogo, kundi hilo lilishindwa na Mwafrika: Charan Moore wa Afrika Kusini. Wiki mbili aliendesha peke yake na kutengeneza peke yake, kisha akafika Dammam wa kwanza kati ya wote walioishi hivyo.

Afrika Kusini imekuwa ikifungua njia kwenye mchezo huu. Mwaka 2020, Kirsten Landman na Taye Perry walikuwa wanawake wa kwanza wa Afrika kumaliza Dakar kwa pikipiki. Huku kwetu, tuna vijana kwa maelfu wanaoamka na pikipiki na kulala na pikipiki, wanaojua kuifungua injini wakiwa wamefumba macho. Kinachokosekana si watu wa kazi. Dakar ni mchezo wa pesa nyingi, leseni na miaka ya kushindana kwenye mbio ndogo kwanza, na njia hiyo kwetu bado haijachongwa.

BAADA YA DAMMAM

Nimeirudia siku hii kwa sababu ya kilichowapata wahusika wake wakuu baadaye.

Mei 2024, Benavides alipata ajali mbaya akiwa mazoezini kwao Argentina, akaumia kichwani na mkononi. Januari 2025 alijitokeza tena kwenye Dakar akiwa hajapona sawasawa. Kwa aliyepitia alichopitia, kufika tu kwenye mstari wa kuanzia lilikuwa jambo. Hakufika mwisho.

Price yeye aliagana na KTM baada ya mbio za 2024. Dakar ya 2025 alirudi, ila hakuwa kwenye pikipiki. Alikuwa ndani ya gari, Toyota, na kwenye kiti cha pembeni alikaa Sam Sunderland wa Uingereza, bingwa wa pikipiki wa mwaka 2017 na 2022, ambaye mwaka ule wa sekunde 43 alianguka kwenye hatua ya kwanza tu na kutolewa.

Kwa hiyo lile jukwaa la Dammam ndilo lililobaki: Benavides juu, Price pembeni yake, Howes wa tatu, bahari nyuma ya safari ndefu. Benavides ana kombe lake la pili na halitaondoka. Price ana makombe yake mawili, na sekunde 43 ambazo hatazipata tena. Ila sasa ana mtu wa kumwambia kata kushoto.